Pembe Iliyoungua

Fundi alikuwa na kazi moja tu jikoni kwa mkewe, nayo ilikuwa kukaa.

Usicheke. Oveni yao ya gesi ilikuwa na mlango usiofunga sawasawa. Usipoegemezwa kitu, ulijifungua wenyewe taratibu na joto lote likamwagika sakafuni. Kwa hiyo kila Jumamosi mkewe alipooka, Fundi alivuta kiti, akakiegemeza kwenye mlango wa oveni na kukikalia. Wiki nzima alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi kuta za watu, na mabega yalimuuma. Joto lilimpanda mgongoni huku mkewe akiosha vyombo na kumsimulia ya wiki nzima kutoka dawati la mapokezi la zahanati alikofanya kazi. Wengine hulipia kukandwa mabega. Yeye alikandwa bure, na umbea akapewa wa nyongeza.

Kilichookwa kilikuwa kile kile siku zote. Unga wa ngano ulifikichwa kwa siagi na sukari, nusu yake ikashindiliwa chini ya trei. Juu yake yalipangwa matufaha yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na mdalasini, karafuu na kungumanga, kisha nusu ya pili ya unga ikanyunyizwa juu ya vyote. Vikishaiva, mkewe alivikata vipande virefu vilivyonyooka kiasi kwamba Fundi aliviita matofali. "Hebu nipe tofali jingine nimalizie ukuta," alikuwa akisema, na ukuta wenyewe ulikuwa tumbo lake.

Oveni hiyo ilikuwa na kasoro ya pili. Moto wake ulielemea upande mmoja, kwa hiyo pembe ya nyuma, kushoto, iliungua kila mara. Haikuwa mkaa, la, ila ilikuwa nyeusi kingoni na ya kahawia iliyokolea mno ndani, rangi ambayo Fundi asingethubutu kumpakia mteja sebuleni. Mkewe alikata kipande cha pembe hiyo kabla ya vingine vyote.

"Nyinyi kuleni vya katikati," alisema. "Mimi napenda kilichoungua."

Kisha alichukua kikombe chake cha chai, akaenda kusimama kwenye mlango wa uani, akala peke yake akiwa amewapa mgongo.

Sasa niambie, nani anapenda kilichoungua? Fundi hakuzaliwa jana. Alielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: mwanamke anajinyima ili mumewe na bintiye wapate kizuri, na anageuka upande wa pili wasimwone anavyokimeza kwa taabu. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote ya ndoa. Alijitolea kumleta fundi wa majiko, mkewe akakataa, akasema liachwe hivyo hivyo kwa kuwa wameshazoeana nalo. Alipendekeza trei igeuzwe katikati ya kuoka ili moto ugawane, akaambiwa arudi kwenye kiti chake. Siku moja alipeleka mkono kwenye ile pembe mwenyewe, kabla mkewe hajaifikia, akachapwa kidogo kwa kijiko cha mti.

"Hicho kichungu," mkewe alimwambia. "Kitakuharibia mdomo bure."

Basi akala cha katikati, tena akaongeza. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

Mkewe alipolazwa, na madaktari wakaanza kuzungumza kwa sauti za chini, Fundi alikaa kando ya kitanda akatafuta la kusema. Hakuwa mtu wa maneno mazuri. Akasema, "Ukitoka hapa, Mama Kiberiti, zamu imebadilika. Wewe utakula katikati, mimi nitakula iliyoungua." Mkewe alicheka hadi akakohoa. Alipopata pumzi akamshika kidole kimoja, akasema, "Hapana. Hiyo niachie mimi." Fundi alitoka nje akalia kwenye korido, akiwa ameegemea ukuta uliopakwa rangi vibaya. Mkewe hakutoka tena mle ndani.

Huo sasa ulikuwa mwaka wa pili. Nguo zake walishazigawa na picha walishaitundika. Kila Jumamosi mchana Fundi alijikuta jikoni bila sababu, amesimama karibu na oveni baridi, mabega yakimuuma.

Binti yao alikuwa na hasira za karibu tangu hajaota meno yote, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kiberiti, na wazazi wake wakawa Baba Kiberiti na Mama Kiberiti. Alipokua akaajiriwa zimamoto. Watu walivunjika mbavu. Mwenyewe hakuona cha kuchekesha, wala hakuna aliyethubutu kumweleza. Jumapili moja alikuja kumjulia hali baba yake, akaingia jikoni, akainama nyuma ya oveni, akatoka na uso wa kazini.

"Baba, hili jiko siku moja litaniita kazini. Mlango unashikwa na kiti, mpira wa gesi umechakaa. Mimi nizime nyumba za watu halafu ya kwetu iungue?"

"Halitumiki, mama. Linakaa tu."

"Ndiyo hivyo sasa, linakaa tu. Nimeshakununulia jipya. Jumamosi mchana nalileta na gari, na mnunuzi wa vyuma chakavu anapita jioni kulichukua hili."

Fundi alisema sawa. Angesema nini? Bintiye alikuwa amejinyima kumnunulia, na hoja zake zote zilikuwa za kweli. Lakini alipobaki peke yake alirudi jikoni, akakitazama kile kiti. Oveni ikiondoka, ile pembe ingeondoka nayo. Mkewe alikuwa amekula kibaya maisha yake yote kwa ajili yake, naye hakuwahi kumpokea mzigo huo hata siku moja. Alitaka kuoka trei moja tu ndani ya oveni ile, akae kwenye kiti chake, kisha ale ile pembe iliyoungua mwenyewe, chungu vyovyote itakavyokuwa. Asipofanya hivyo kabla ya Jumamosi mchana, asingefanya tena.

Jumamosi asubuhi alikwenda gengeni. Mwenye genge alipomwona aliinama chini ya meza, akatoa mfuko wa matufaha yenye michubuko.

"Ya Mama Kiberiti haya," alisema. "Bado naweka kando. Mkono umezoea, nifanyeje? Mwisho wa wiki nawapa watoto."

"Leo nitayachukua mimi."

Mwenye genge alimtazama, akaongeza mawili mazuri juu, na hakuuliza kitu. Fundi alimshukuru moyoni kwa huko kutouliza.

Nyumbani alianza kwa kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, kama bintiye alivyomfundisha, akatazama kama kuna kiputo. Hakikuwapo. Akajitia moyo, akafunga aproni ya mkewe iliyomfika juu ya kitambi. Unga aliufikicha kwa siagi akafika mahali ukafanana na lipu, akashtuka, akaongeza unga ukalegea. Wa chini aliushindilia kwa kikwaruzo kipya cha rangi ambacho kilikuwa hakijaguswa na kazi. Mkewe angemfukuza jikoni kwa hilo, lakini tabaka lilitoka sawa kama ukuta wa ofisi. Viungo ndivyo vilivyomtoa jasho. Hakuwahi kujua kiasi, ila rangi aliikumbuka. Akawa anatia mdalasini kidogo kidogo, akikoroga na kurudi nyuma hatua moja kutazama kwa jicho moja, hadi matufaha yakawa na rangi ile ile ya Jumamosi. Karafuu aliiogopa, akatia chembe. Kungumanga aliikwaruza pamoja na ncha ya kidole chake.

Trei ikaingia. Fundi akavuta kiti, akakiegemeza, akakaa.

Joto lilipomfika mabegani alifumba macho. Harufu ilianza kujaa, mdalasini mbele, siagi nyuma, na akawa anangoja sauti ya vyombo kwenye sinki. Haikuja. Bomba lilidondosha tone moja, kisha jingine. Alimkumbuka mkewe kwa uchungu, kiasi cha kunyoosha mkono hewani mahali ambapo kiuno chake kingekuwa. Akajikaza, akaurudisha mkono mapajani.

Alipoitoa trei, ile pembe ilikuwa imeungua vilevile, nyuma, kushoto. Alifurahi kuiona kama anavyofurahiwa mtu anayeshuka safarini. Akaikata kwanza, akaiweka kwenye kisahani, akavuta pumzi kama mtu anayekwenda kunywa dawa, akauma.

Ukingo ulivunjika kwa sauti. Sukari ilikuwa imeyeyuka ikashikana na maji ya matufaha, ikawa gamba jembamba lenye uchungu kidogo, uchungu wa mara moja tu, na nyuma yake ukaja utamu mzito uliojaza kinywa chote. Tufaha la hapo lilikuwa limekauka na kukolea hadi likatafunika kama halua. Siagi ilikuwa na ladha ya karanga zilizotoka kukaangwa. Fundi aliacha kutafuna. Akachukua kipande cha katikati, akaonja ili alinganishe. Kilikuwa kizuri, laini, kama kilivyokuwa siku zote. Lakini kando ya kile cha pembe kilikuwa uji wa mgonjwa.

Akarudi kwenye pembe, akauma tena kuhakikisha.

"Mama Kiberiti," alisema kwa sauti, peke yake jikoni. "Kumbe wewe."

Yote yakamrudia. Fundi wa majiko aliyekataliwa. Trei isiyogeuzwa. Kijiko cha mti mkononi. Mlango wa uani, na ule mgongo aliokuwa akiutazama kwa huruma kila Jumamosi, kumbe mwenzake ameufanya pazia, anakula bora kuliko wote ndani ya nyumba ile. Amemchezea shere maisha mazima bila hata kukonyeza. Na hospitalini, alipocheka vile. Hiyo niachie mimi.

Fundi alicheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha. Ule mzigo wa kuwa alimlisha mkewe makombo ulikuwa umemtoka, na pale ulipokuwa pakaingia hamu kali kuliko zote alizowahi kuzisikia tangu wamzike. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akimlilia mwanamke mwema aliyejinyima. Sasa alimtaka huyu mjanja. Alimtaka aingie tu mlangoni, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, amwambie, "Nimekukamata," aone sura atakayoifanya.

Gari lilisimama nje. Kiberiti aliingia akiwa na sare yake, akasimama katikati ya jiko akinusa. Aliona kiti kwenye mlango wa oveni, aproni, kikwaruzo cha rangi chenye unga. Hasira zilizompanda kwa kuona jiko limewashwa zikayeyuka.

"Baba. Umeoka ya mama."

"Nimejaribu. Kaa ule."

Alikata upya, kwa mstari ulionyooka. Kando ya kile alichokiuma kulikuwa na kipande jirani, nacho kimeungua vizuri nusu nzima. Kiberiti alikitazama, akamtazama baba yake na macho yake mekundu, akanyoosha mkono.

"Hicho nipe mimi leo. Mama alikula maisha yake yote, sasa na wewe unaanza."

Fundi alimchapa mkono kidogo, kwa kijiko cha mti.

"Hicho kichungu," alisema. "Kitakuharibia mdomo bure. Wewe kula cha katikati. Mimi napenda kilichoungua."

Macho ya Kiberiti yalijaa. Fundi aliyajua macho hayo. Yalikuwa yake mwenyewe ya zamani. Nusura aseme. Mdomo aliufungua kabisa, kisha akaufunga, kwa sababu siri ile ilikuwa ya watu wawili.

"Jiko lako jipya kaweke kwako, mama," alisema badala yake. "Hili nibadilishie mpira. Na mlango leta mtu autengeneze. Ila moto wake usiguswe. Tumeshazoeana."

Kiberiti hakubisha, na hilo peke yake lilikuwa la kuandikwa. Alitoka kwenda kumwambia dereva ageuze gari. Aliporudi alimkuta baba yake amesimama kwenye mlango wa uani na kikombe cha chai, amempa mgongo. Akamwonea huruma, mzee wa watu anavyomeza kibaya peke yake. Fundi alikuwa anatafuna polepole sana, ili kisiishe.