Sabuni ya Mikono Iliyokataliwa

Mwanangu, nakumbuka siku moja hapa Kasongo, ujanani mwangu, na hasira yake haijanitoka hadi leo.

Miguu yangu, unavyoiona, ilinyauka kwa polio. Hakuna aliyenipa kazi ila Mama Mwamini, mjane aliyepika sabuni ya mawese karibu na soko. Aliwachukua wale waliokataliwa kwingine. Mimi nilikata vipande. Mwenzangu Salumu, aliyepona ukoma baada ya vidole kumwishia, alikoroga pipa kwa mti uliofungwa mkononi.

Akaja mwenye duka mmoja, mtu wa kanzu safi na maneno laini. Sabuni aliipenda, akasema ataichukua yote.

"Lakini Mama, hawa wanakaa hapa mbele, wateja wanawaona. Uwaweke nyuma ya nyumba, ao utafute watu wazima."

Wazima. Kumbe sisi tulikuwa nusu. Akufukuzaye hakwambii toka. Salumu akaacha kukoroga, akaficha mikono ndani ya shati. Hapo ndipo nilipoungua, mwanangu: mtu kuionea haya mikono inayomlisha.

Mama Mwamini hakupandisha sauti. "Baba, sabuni unayoipenda imetoka kwa mikono hiyo. Kama mikono iko haya kwako, uache na sabuni. Wende salama."

Akaenda. Sabuni ikalundikana, tukashindia mihogo mikavu. Ndipo Salumu akasema tuwapelekee wachimba dhahabu wa Lusangi. Tulikwenda kwa pikipiki, njia yote matope, mimi nimefungwa kwa dereva kwa kitenge nisianguke. Wachimbaji, udongo hadi masikioni, hawakuuliza habari za vidole. Walinunua, wakauliza tutarudi lini. Kutoka hapo sabuni yetu ikafika hadi Kabambare, na Salumu akajenga nyumba ya matofali.

Sasa nasikia unafungua nyumba ya kushona, nawe unasema utawasaidia walemavu. Neno hilo liache. Anayefanya kazi hasaidiwi, analipwa. Usiite wageni wapige picha ya miguu ya mafundi wako. Waonyeshe nguo waliyoshona. Na tajiri akikwambia uwafiche, mkatalie, hata kama siku hiyo chunguni hamna kitu. Hujafa hujaumbika.

Mungu azibariki cherehani zako, na kila atakayekaa mbele yazo ale jasho lake, kichwa juu. Amina.