Cornelia Afukua Mahindi Yake

Cornelia wa kijiji cha Mwimbi ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia kuona shamba limelala. Mvua ya mawe ilipoyalaza mahindi yake yote mwezi wa pili, alilia kwa sauti kama wenzake, lakini kesho yake alikuwa shambani na jembe. Akakusanya mabua yaliyovunjika pamoja na majani, akayafunika kwa udongo, akatengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa, na juu yake akapanda maharage. Haukupita muda mrefu, shamba likawa kijani hadi raha.

Raha hiyo nusura imponze. Serikali ilitangaza kifuta machozi kwa waliopatwa na maafa, wakulima kwa wafugaji, na afisa angepita kuona hasara kwa macho yake. Kuona! Sasa kwa Cornelia angeona nini, na maharage yamenawiri vile?

Na bila fedha hiyo mjane huyu hakuwa na mbegu wala mbolea ya msimu ujao. Leonsi, mfanyabiashara wa nafaka, alishamwambia kwamba atalikodi shamba, naye Cornelia atapata kibarua humo humo. Awe kibarua kwenye shamba lake mwenyewe!

Siku ya afisa ilipofika, jirani yake Ngeleja, Msukuma mwenye ng'ombe, hakupata shida. Radi ya siku ile ya mvua ya mawe ilikuwa imemuulia ng'ombe, na ngozi zao zenye chapa alizihifadhi. Afisa, binti aitwaye Justina, akazipiga picha, kisha wakavuka pamoja hadi kwa Cornelia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Justina akatazama shamba, akatazama simu yake, akatazama tena shamba. "Mama, mbona hapa sioni hasara? Siwezi kuandika nisichokiona."

Cornelia akaingia katikati ya matuta. "Ipo, mwanangu. Nimeifukia."

Ngeleja akaangua kicheko. "Wafipa bwana! Hata hasara mnaifukia? Ifukue basi, jirani!"

Cornelia alishashika jembe. "Chagua tuta wewe mwenyewe, mwanangu, usije ukasema nimekutegea."

Justina akanyoosha kidole. Jembe likashuka: udongo mweusi, majani yaliyooza, basi. Justina akaanza kufunga mkoba wake. Cornelia akalirukia tuta la pili, maharage yakatawanyika huku na huku, na chini kabisa jembe likagonga kitu. Bua! Na bua jingine, na hindi changa kabisa lisilo na punje, ambalo hakuna mkulima mwenye akili angeling'oa kwa hiari yake. Tuta la tatu, hivyo hivyo! Ngeleja naye akanyakua jembe, akawa anafukua huku anapiga mbinja, na Cornelia akapiga kigelegele hadi watu wa barabarani wakasimama.

"Imetosha mama, imetosha!" Justina alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, anapiga picha na kucheka. "Utamaliza maharage!"

Leonsi hakuzisikia habari hizo, au alizisikia akazipuuza. Asubuhi moja alikuja na kamba ya kupimia shamba, tena bila hodi. Alikuwa ameshika ncha moja, anatafuta pa kuifunga, simu ya Cornelia ilipolia. Cornelia akasoma ujumbe: fedha ya kifuta machozi imeingia. Akausoma tena. Kisha akaruka juu, mwanamke mzima na umri wake, akazunguka uwanja wote akimshukuru Mungu, furaha imemjaa hadi machozi.

Alipotulia, alimwendea Leonsi, akaichukua kamba mkononi mwake, akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Karibu wakati wa mavuno," akamwambia. "Utanunua kwangu."