Vijidudu Vilivyolala

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali ndogo karibu na Kikima, na nilijiona sana. Mama alipougua kifua kikuu nilimpima makohozi mwenyewe. Mwezi wa nne wa matibabu ya mwaka mmoja na nusu sikuona kijidudu hata kimoja, nikamwambia kwa kiburi, "Mwaitu," yaani mama, "vimeisha kabisa."

Mama akaacha sindano na vidonge, akarudi shambani kupanda mbaazi kabla ya mvua. Mimi sikujua ameacha.

Wakati huo nilikuwa na mchezo wangu. Nilikuza vijidudu vya jipu ndani ya mchuzi wa nyama, vyote uzao wa kijidudu kimoja, visivyo na tofauti hata chembe. Nikatia penisilini. Vikafa karibu vyote, vichache vikabaki. Nikasema, aha, hivi ni sugu. Nikavikuza, nikatia dawa tena. Uzao wao ukafa vilevile, ukabakisha vichache! Nilirudia mara tano, chai ikapoa mezani. Ukoo mmoja, chupa moja, dawa moja: kwa nini hiki kife na kile kibaki? Mwishowe niliona jibu moja tu. Vilivyobaki havikuwa na nguvu yoyote ya kurithisha. Vilikuwa vimelala, havili wala havikui, na penisilini hukipata kile kinachokua tu. Vikiamka, vinazaa vijidudu vya kawaida tu.

Nilifurahi kama mjinga. Kisha mama akaja akikohoa damu, akaniambia aliacha dawa siku ile niliyomwambia vimeisha.

Daktari alihofia kwamba kwa kuacha katikati vijidudu vimekuwa sugu, na dawa hazingemsaidia tena. Niliogopa vibaya sana, kwa maana neno lililomponza lilikuwa langu. Tulituma makohozi yake Nairobi, na wiki zote hizo niliomba jambo moja: iwe vijidudu vyake vilikuwa vimelala tu, visiwe sugu. Majibu yakaja: dawa zilezile bado zinaviua. Nilifunga mlango wa maabara, nikalia.

Mama akaanza upya. Mwezi wa nne ulipofika tena, niliinua kichwa kutoka kwenye darubini. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakuna kitu, mwaitu."

"Hakuna, ama wewe ndio huoni?"

Niliinamia darubini tena. "Sioni."

Akajifunga leso vizuri, akaenda kupanga foleni ya sindano.