Mgeni Aliyelala na Jiko la Makaa

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Satellite, Namalwa anagonga mlango wa chumba anachowakodishia wageni. Kimya. Anagonga tena, sikio mlangoni, mkono kifuani.

"Sasa, mama!" mgeni anaitika kutoka ndani. Namalwa anashusha pumzi na kuketi kizingitini.

"Asiponijibu mara ya kwanza, aki nakaribia kuuvunja mlango," anasema.

Namalwa, mwenye umri wa miaka 46, ni msusi katika soko la Kenyatta. Chumba chake cha pili huwapa vijana wa ng'ambo wanaozunguka dunia na mikoba mgongoni, kwa shilingi 1,200 kila siku. Hoteli hawazitaki. Wanataka maisha halisi.

Na wana masharti hao! Mmoja aliandika mtandaoni kwamba nyumba yenye jiko la gesi si Afrika ya kweli. Namalwa akaogopa kukosa wageni. Akahamishia gesi yake kwa jirani, Mbuthia, akanunua jiko la makaa.

"Nilikuwa nimeacha makaa miaka kumi. Nikarudi kukohoa ndio wazungu wafurahi," anasema.

Julai iliyopita, baridi ikiwa kali, mgeni mmoja, msichana wa miaka 22, alijipikia ugali uani. Kisha akaingiza jiko chumbani apate joto, akafunga dirisha, akalala. Namalwa hakuwa amemwonya.

"Nani huambia mtu mzima asilale na jiko? Huku hata mtoto anajua!"

Asubuhi aligonga hadi ngumi zikauma. Mbuthia akavunja mlango kwa bega. Msichana alikuwa hajitambui. Wakamtoa uani, Namalwa akimpepea kwa leso huku akipiga mayowe, kisha wakamkimbiza hospitalini. Alizinduka siku ya pili.

"Nilijua ameshakufa. Nilijiona niko jela," anasema.

Msichana alipona, akarudi kwao. Halafu akaandika mtandaoni kwamba ule ulikuwa usiku wa kweli kuliko mwingine wowote safarini mwake. Tangu hapo wageni wameongezeka. Watatu wameomba kuwashiwa jiko chumbani.

Namalwa amekataa. Mwisho wa mwezi anafunga biashara hiyo, na chumba atampangishia msusi mwenzake mwenye watoto wanne. Ameonywa kwamba ni watundu.

"Wapige kelele hadi asubuhi," anasema. "Mimi nitalala."