Bibi Alipomwamkia Binti Yake

Nakumbuka asubuhi moja Msowero, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, Bibi yangu alipomwamkia binti yake wa kumzaa. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana uliniletea makala yako ya kwanza ya utafiti kuhusu dawa za Alzheimer, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, nikaisoma hadi miwani ikaniuma puani. Imeandikwa vizuri. Ila kuna kitu kinakosekana, nami si mtu wa kumung'unya maneno.

Bibi, mama yake baba, alizoea nyumba yake ya zamani kule bondeni, katikati ya mahindi. Kijijini nyumba zilipangwa mstari, zote sawa, na yeye akapotea humo humo. Kwanza aliusahau mlango wake. Kisha akatusahau sisi. Chakula akawa hali, maana aliona anapewa na watu asiowajua, akaogopa. Alikonda mpaka khanga zikawa hazimkai. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha uganga kwa likizo, kichwa kimejaa vitabu, nikamletea vidonge kutoka zahanati. Baba mdogo akaleta mizizi ya mganga wa kienyeji. Vyote alivitema.

Asubuhi hiyo shangazi Mwajuma, binti yake aliyekuwa akimuuguza, aliingia uani na bakuli la uji. Bibi akainuka taratibu, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama."

Unajua kwetu salamu haina mchezo. Mzazi hamwamkii mwanawe. Baba mdogo akaruka.

"Usiitikie, dada! Hiyo ni laana, utaibeba mpaka kwa wajukuu!"

Shangazi akasita. Bibi alibaki ameinamisha kichwa, anasubiri kuitikiwa, machozi yameanza kumlengalenga.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema. "Umeamkaje? Njoo unywe uji."

Bibi akanywa. Akamaliza bakuli zima, akaomba jingine.

Baba mdogo alifoka kwamba mama amevunjiwa heshima. Shangazi hakugeuka hata kumtazama.

"Heshima gani, ya kufa na njaa huku anaitwa mama? Mwache awe mtoto, mradi ale." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, daktari wetu, kila siku unamuuliza kama anakukumbuka. Umeshamuuliza kama anaogopa?"

Vitabuni mwangu swali hilo halikuwemo.

Akili ya Bibi haikurudi, na jina langu hakulitaja tena. Lakini alinenepa, akaishi misimu mingine ya mvua, akafariki ameshika mkono wa yule aliyemwita mama. Nililia sana, na hata leo nikimkumbuka naumia.

Nilipokuja kufanya utafiti wa dawa hizi, nilihakikisha wale wanaowauguza wagonjwa nyumbani wanaulizwa kuhusu kula, kulala na hofu. Wenzangu walicheka, wakasema hayo ni mambo ya jikoni. Niliwaacha wacheke.

Sasa wewe umeandika kwamba dawa "imeonyesha matumaini." Matumaini kwa nani, mwanangu? Majedwali yako yanasema wagonjwa walikumbuka maneno mawili matatu zaidi ya awali. Hayasemi kama walikula, kama walilala, kama waliacha kuwaogopa watoto wao. Kawaulize wanaowalisha. Na ukikuta dawa haikuwasaidia, andika haikuwasaidia, kwa lugha inayoeleweka. Usione haya, hilo nalo ni jibu. Maana yuko binti mahali fulani, Kilosa au Mikumi, atakayesomewa sentensi yako moja, na kesho yake auze shamba la mama yake ili ainunue dawa hiyo.

Mungu akuzidishie subira, mwanangu, akupe sikio la kuwasikia wanaouguza, na akujalie kuandika kitu ambacho hutaogopa kumsomea binti yule ana kwa ana. Nenda ukawaulize. Makala itasubiri.