Jeki ya Lori

Yule fundi wa magari wa hapa Kiptere ametuacha. Ugonjwa wa tumbo ulimla polepole tangu mavuno ya mahindi, na Alhamisi tulimwombea kanisani kabla mwili haujasafiri kwenda kwao, upande wa ziwa. Nilipewa nafasi ya kuzungumza, kwa sababu ya mvi zangu. Nikasema alikuwa mchapakazi, nikasema hakuwa mlevi, nikakaa. Watu wakaitika amina. Lakini kulikuwa na neno lingine mdomoni mwangu, na nililimeza mbele ya jeneza lake. Leo nalitoa hapa, maana ni hapa, kwenye ukurasa huu wa gazeti ninaouandikia, nilipomkosea mara ya pili.

Mnajua nina duka la vifaa karibu na kituo cha kupimia majani chai. Nauza misumari, majembe, makoti ya mvua ya wachumaji, na spea ndogondogo za magari. Fundi huyu alifanya kazi kwenye garaji ya kiwanda cha chai siku za kazi, na alikuwa na gari lake dogo kuukuu alilolishusha chini mpaka likakaa kama kuku anayeatamia mayai. Mara chache kwa mwaka alilipeleka kwenye uwanja wa lami wa mbio, huko mbali, siku ambazo wenye magari hulipa kiingilio waruhusiwe kuzunguka. Hakuna mshindi, hakuna kikombe. Nilimuuliza siku moja anapata nini huko. Akaniambia, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Gogo, wiki nzima natengeneza magari ya watu waende kazini. Siku hiyo moja natengeneza langu liende tu." Mimi niliona ni upuuzi wa mtu mzima. Bado siuelewi vizuri, lakini sasa najua kwamba si lazima nielewe.

Basi alikuja dukani asubuhi moja, umande haujakauka. "Chamgei, Gogo," akanisalimu kwa lugha yetu kama kawaida yake, ingawa ulimi wake ulikuwa wa ziwani. Akaniambia anataka jeki ya kubeba kwenye buti siku za uwanjani, na akanieleza bila haraka: iwe ile ya magurudumu, ya alumini, nyepesi, mgongo wake mfupi ili iingie chini ya gari lake, ipande kwa kupampu mara chache, na kichwani iwe na mpira isije ikakunja chuma. Mtu huyu alijua anachotaka kama mimi ninavyojua ng'ombe wangu.

Na jeki hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mbolea, ndani ya boksi lake. Lakini rafuni palikuwa na jeki nyingine, ile ya kusimama wima kama chupa, nzito, ya malori. Ilikuwa imekaa pale miaka, kila Jumamosi naipangusa vumbi, na nilikuwa nimechoka kuiangalia. Nikaishusha juu ya kaunta ikatoa kishindo.

"Chukua hii," nikamwambia. "Lori la majani likizama kwenye matope hapa barabarani linainuliwa na nini? Na hii. Hiyo ya alumini ni ya watoto kuchezea."

Akaipima kwa mkono. "Gogo, hii ni refu. Haitaingia chini ya gari yangu."

"Weka ubao, panda juu ya ubao. Kwani wewe ni fundi wa nini?"

Watu waliokuwa wakingoja kununua misumari wakacheka. Akacheka nao. Kwetu mtu mwenye adabu habishani na gogo, hata kama gogo anasema uongo, na yeye alikuwa ameishi kwetu vya kutosha kushika adabu hiyo. Akaichukua. Nilijiambia nimempa mawaidha. Ukweli ni kwamba nilihubiri ili niuze.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwenzake aliyekwenda naye uwanjani. Tairi lilitoboka, wengine wakiwa tayari kurudi uwanjani. Jeki haikuingia. Akapandisha gurudumu juu ya ubao, kama nilivyomwambia, akaisukuma jeki chini ya ubavu wa gari, kile kichwa chake kidogo cha chuma kikakaa vibaya. Gari lilipopanda, jeki ikalala. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye gurudumu. Vidole viwili vikaondoka.

Nami niliposikia nilifanya nini? Nilichukua kalamu. Niliandika hapa kuhusu wanaume wanaochezea magari kama watoto, nikasema kuna mmoja hapa kwetu sasa anahesabu mpaka nane. Sikumtaja, lakini nani hakumjua? Mlicheka, mkaniletea salamu sokoni. Kufika mwisho wa mwezi kila mtu alikuwa anamwita Nane. Kiwandani wakamtoa garaji wakampeleka kufungua geti.

Baadaye alirudi dukani, jeki ile mkononi, ameiosha mpaka inang'aa. Nikajua leo nitaambiwa mbele ya watu. Akaiweka kaunta taratibu.

"Gogo, rudisha hii rafuni. Sitaki kitu. Ukipata mtu wa lori, muuzie. Lakini mwambie ni ya lori."

"Haya," nikasema. Hilo tu. Akanunua sabuni, akaniaga, akaenda. Miaka yote iliyofuata alinisalimu vilevile, chamgei, Gogo, nami nikajiambia amepoa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alhamisi, baada ya maombi, mjane wake alinishika mkono. Akaniambia, "Gogo, alikuwa anakuheshimu sana. Hata ile ajali, watu wakimuuliza nani alimuuzia jeki mbaya, alikuwa anasema ni yeye alichagua vibaya." Nilisema mvua inakuja, tutafute mahali pa kusimama.

Mama, kama unasoma: hakuchagua vibaya. Alichagua sawasawa, na jeki aliyoichagua ilikuwa stoo kwangu.

Sisi wazee tunalalamika kwamba heshima imeisha. Mimi naona iliyobaki tunaitumia vibaya. Tulilelewa na matope na malori, tukaamini kitu kikiwa kizito ndicho kizuri, na mtu akija na kazi tusiyoijua tunampa mahubiri badala ya kitu alichoomba. Hawezi kutujibu, basi tunadhani tumeshinda. Mtu anayejua kazi yake akikutajia chombo anachotaka, mpe hicho, au mwambie huna. Na ukimkosea, mwambie akiwa bado anaweza kukujibu.

Jeki bado iko rafuni. Nimeifunga kadi shingoni, nimeandika kwa mkono wangu: YA LORI. Lakini kuna kitu siwezi kukirudisha rafuni. Jumapili nilisikia watoto wakimwita binti yake mdogo "mtoto wa Nane", naye akainamisha kichwa akapita. Jina hilo halikutoka kwa jeki. Lilitoka kwangu, hapa, na ninyi mkalibeba mpaka nyumbani. Naomba mliache.