Waya wa Mizabibu

Yordana alipoitoa pikipiki ya marehemu mumewe bandani, mtaa mzima tulimcheka. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mstaafu wa kiwanda cha mikate, ambaye spana aliijua kwa kufungulia mtungi wa gesi tu! Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, na mdomo wangu haujui kufungwa. Nikamwita kutoka dirishani: "Shoga, ukimaliza hiyo ututengenezee na ndege!"

"Stanka, lete huo mdomo wako nijazie upepo matairi," akajibu bila kuinua kichwa.

Ilikuwa Oktoba, zabibu zimeshavunwa. Pikipiki yenyewe ni ya aina ya Balkan, nyekundu, ya zamani, na ilikuwa imelala chini ya magunia karibu miaka thelathini na mmoja, tangu siku ile mumewe Metodi alipokufa nayo. Hakuna aliyewahi kuigusa. Hata kuku, wenye banda lao, walikuwa wakitaga upande mwingine.

Niseme jinsi Metodi alivyokufa, maana na mimi nina fungu langu katika jambo hili. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Trifon, mwezi wa Februari, siku tunapopanda mlimani kupogoa mizabibu. Kila mwaka wanaume huchagua mfalme wa mizabibu, wakamvika taji la matawi na kummwagia divai kichwani. Mwaka ule mfalme alikuwa Metodi. Mchana akashuka peke yake kwa pikipiki, na kwenye kona ya kisima alipitiliza moja kwa moja hadi bondeni. Polisi alipoinama juu ya maiti alisikia harufu ya divai, akafunga daftari lake. Gencho, jirani yake na rafiki yake, akasema mbele yetu sote: "Nilimwambia asiendeshe. Alikunywa mno." Neno hilo nililibeba mimi nyumba hadi nyumba. Lisemwalo lipo, nilikuwa nikiwaambia watu. Leo naona haya hata kuliandika.

Yordana hakumsamehe marehemu. Siku ile mtoto wao Kamen, wa miaka mitatu, alikuwa anaungua kwa homa, na Metodi alikuwa ameahidi kurudi mapema ampeleke kwa daktari. Kumbe kaenda kulewa! Hapa kwetu kila lango lina karatasi ya marehemu wake, yenye picha, na kila mwaka hubandikwa mpya. Lango la Yordana lilibaki tupu. Kamen akakua akijua kwamba baba yake alikuwa mlevi aliyemsahau kitandani.

Sasa Kamen yuko Ujerumani, na mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa kiume, wa kuzaliwa Machi. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu yake. Septemba akapiga simu. Nilikuwa jikoni kwa Yordana tukichoma pilipili hoho, nikasikia kila kitu.

"Mama, mwanangu simpi jina la mlevi. Nimeshaamua, labda wewe uniambie vingine."

"Sina la kukuambia," Yordana akasema.

Alipoweka simu chini, hoho zikaungua mbele yake asizione. "Basi limekwisha jina lenyewe," akaniambia. "Nikifa mimi, hakuna atakayemwita mtu Metodi katika nyumba hii." Wiki chache baadaye akaitoa pikipiki. Alitaka Kamen apate kwa baba yake kitu kimoja, hata kiwe chuma, ambacho hakimtii aibu.

Alijifunza kwa kuharibu. Bolti ya kwanza aliikata shingo kwa kuilazimisha. Pistoni iliyoganda aliilowesha kwa mafuta ya taa siku tisa, akiigonga kwa gogo na kuitukana kama mume. Kabureta aliichemsha kwenye sufuria ya jamu, na jamu ya plamu ya mwaka ule ilinuka petroli, niliila nikanyamaza. Kila alichofungua alikitia kwenye chupa na kuibandika karatasi, kwa hiyo rafuni kwake nati zilikaa pamoja na matango ya siki.

Na kila asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, Gencho aliegemea uzio. Mzee mrefu, mpole, sasa mjane naye. Kwa miaka thelathini alimpasulia Yordana kuni, akamchinjia nguruwe wa Krismasi, akamzibia paa. Tulikuwa tukisema hakuna mjane duniani mwenye jirani kama yule.

"Umefika wapi, dada?"

"Kwenye injini, kaka."

"Chuma kilichoua mtu huachwa kilale. Kikiamka, huamka na njaa."

"Kitakula nini hapa, kuku wangu?"

"Mimi sitanii. Injini chezea upendavyo, ila gurudumu la nyuma usiliguse. Niletee mimi."

"Kwa nini la nyuma?"

"Zito."

Kesho yake tena la nyuma. Na keshokutwa. Mimi nilikuwa nikifagia mbele ya lango langu, nikaanza kuogopa bila kujua naogopa nini.

Novemba Yordana akalifikia. Fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda breki ya nyuma ilipaswa kushikwa na pini. Alipokwangua matope, pini hakuiona. Aliona kipande cha waya kilichozungushwa mara nne, kimekatika. Akakitoa, akakitia kwenye chupa kama alivyotia kila kitu, na asubuhi akamwambia Gencho huku anacheka: "Unaona uvivu wa Metodi? Kafunga breki kwa waya!"

Gencho hakucheka. Kikombe kilimwinamia mkononi, kahawa ya moto ikamwagikia vidole, wala hakuvitoa.

Jumapili tulikwenda kanisani. Tuliporudi, banda lilikuwa wazi na gurudumu la nyuma halipo, pamoja na breki yake. Mbwa alikuwa amefungwa palepale, wala hakuna jirani aliyemsikia akibweka, na mbwa yule humbwekea hata kasisi. Jioni Gencho akaja analisukuma gurudumu limeng'arishwa, breki imesafishwa, ina pini mpya.

"Nimekuondolea taabu, dada."

"Mungu akuzidishie, kaka. Na ule waya?"

"Waya gani?"

Yordana alimshukuru, akafunga lango taratibu. Kisha akaja kwangu, kakumbatia chupa. "Stanka, vaa viatu."

Tukapanda hadi kwenye shamba la Gencho. Ukungu ulikuwa mzito, hatuoni nguzo ya tatu mbele yetu. Kwetu mizabibu hufungwa nguzoni kwa waya, na kila mtu huuzungusha kuelekea kulia, akaukata, basi. Gencho hutumia mkono wa kushoto. Wake huuzungusha kwenda kushoto, kisha hukunja mkia wa waya kwa ndani usiwachane wavunaji mikono. Miaka yote tumemvunia, na tukambariki kwa wema ule mdogo. Yordana akafungua chupa, akakiweka kile kipande karibu na nguzo. Kimezungushwa kushoto, na mkia umekunjwa ndani.

"Wanaotumia kushoto ni wengi," nikasema, kwa woga tu.

"Kijijini hapa ni wangapi?"

Tulijua sote wawili kwamba ni mmoja.

Nilimsihi aende polisi, au ampigie Kamen. Akatikisa kichwa. "Nimwambie nini? Waya hausemi kama Metodi alilewa au hakulewa. Anayejua ni mtu mmoja, na atasema kwa kinywa chake, watu wanasikia."

Kuanzia hapo alimchekea Gencho kuliko zamani. Alimpelekea pai la jibini likiwa moto. Aliwaambia wanaume, kama utani, kwamba safari hii mfalme awe Gencho, mbona hajawahi? Mimi nimemjua Yordana tangu shule, na tabasamu lile sikuwahi kuliona. Januari injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikaunguruma. Nilikuwa dirishani. Ng'ambo ya uzio nilimwona Gencho amesimama na shoka mkononi, gogo mbele yake, asilipige.

Siku ya Trifon tulikuwa watu kama arobaini kule juu, na ngoma, na nyama ya kuchoma. Gencho alishavikwa taji, divai inamchuruzika masikioni, tukasikia mngurumo. Yordana akatokea kwenye ukungu juu ya ile Balkan nyekundu, gia ya kwanza, kitambaa kichwani, mgongo wima kama nguzo. Watu walipiga makofi. Akaizima katikati yetu, ufunguo ukiwa palepale, na mdomo wa pikipiki ukielekea barabara ya kushuka.

"Mfalme hashuki kwa miguu!" akasema kwa sauti. "Nimeitengeneza miezi minne. Nani aijaribu kama si rafiki wa marehemu?"

"Panda, mfalme!" vijana wakapiga kelele. "Au unaogopa chombo cha mama?"

Gencho akacheka nao, akaja. Lakini hakushika usukani. Alizunguka nyuma moja kwa moja, akainama kwenye breki. Pini mpya haikuwepo. Palikuwa na waya wa mizabibu, umezungushwa kushoto, mkia umekunjwa ndani.

"Panda, kaka," Yordana akamwambia, sasa kwa upole. "Barabara ni ileile."

Mpiga ngoma akaacha. Gencho alibaki ameinama, tone la divai likining'inia puani mwake.

"Waya hauwezi kushika, Yordana."

"Wa kwanza ulishika mpaka wapi?"

"Mpaka kona ya kisima."

Akalivua taji. "Pini iliruka kwenye mawe ya huku juu. Nilikuwa na waya mfukoni. Nikamfungia, nikamwambia nenda, utakufikisha. Breki ya mbele ilikuwa jina tu, nilijua. Aliposhindwa kufika, niliogopa."

"Na divai?"

Gencho akaanza kulizungusha taji vidoleni.

"Gencho. Na divai?"

"Alimwagiwa kichwani tu. Hakuonja hata tone. Alisema Kamen ana homa, anamuwahi."

Nilikaa chini kwenye matope. Miaka thelathini na mmoja nilimtembeza mtu mlevi nyumba hadi nyumba, na hakuwa amelewa. Yordana hakulia, hakupiga kelele. Alikuwa akimtazama Gencho tu, uso mweupe kama unga.

Gencho akapandisha mguu, akakaa juu ya pikipiki. Akageuza ufunguo, akaipiga teke la kwanza, injini ikawaka. "Basi niache nishuke," akasema. Hakuna aliyesogea kumzuia, watu arobaini. Mungu anisamehe, nami sikusogea, na moyoni nilitaka ashuke.

Yordana akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo. Mngurumo ukafa.

"Kufa ni rahisi," akasema. "Shuka."

Gencho akashuka. Yordana akatoa simu kwenye aproni, akabonyeza, akamtia mkononi. Tuliisikia inaita mbali huko, mara tatu, mara nne, kisha sauti ya Kamen: "Mama? Kuna nini?"

"Si mama yako, mwanangu," Gencho akasema. "Ni mimi, Gencho. Nakupigia kuhusu jina la mtoto."